Kigoma mpaka Kilwa Kisiwani kwa treni, basi na mashua: anza hesabu kwenye maji

Shule zikifunga nawachukua wanangu Kigoma nawapeleka kwa bibi yao Kilwa, mkoani Lindi. Tunatoka kwenye ziwa, tunakata nchi nzima, tunaishia kwenye bahari, na miguu hatuitui rasmi mpaka tufike Kisiwani alikozaliwa mama. Nimeshaifanya safari hii kwa raha, nimeshaifanya kwa machozi. Majirani na wenzangu kazini wananiuliza kila mara inaendwaje, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Wengi huanza kwa kukata tiketi ya treni. Mimi nakuomba uanzie upande wa pili, kwenye maji ya Kilwa, halafu urudi nyuma: mashua kwanza, basi, kisha treni. Ukipanga hivyo, siku nne zinatosha kwa utulivu. Ukipanga kinyume, unaweza kufika Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, saa nane mchana na watoto wenye njaa, kisiwa kinaonekana pale mbele, na bado usivuke.

Hatua ya 1: Piga simu Kilwa, uulize mwezi

Kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani pana mkono wa bahari wa kilomita mbili hivi. Mashua ya mashine huuvuka kwa dakika kumi na tano tu. Ya tanga hutegemea upepo. Kinachosumbua ni maji kujaa na kupwa, kwa sababu pwani yetu ni ya tambarare na mikoko. Siku za maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Maji yakishapwa, mashua ndogo inakwama mbali na nchi kavu, nawe unashuka na begi kichwani, unatembea kwenye tope linalofika magotini, chini kuna chaza wanaokata nyayo.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Kisiwani. Nikimpigia, baada ya "Shikamoo mjomba" na "Marahaba mwanangu, wajukuu hawajambo?", swali langu ni moja: mwezi ngapi leo? Hanijibu kwa tarehe za ofisini. Atasema "mwezi kumi na mbili", yaani siku ya kumi na mbili tangu mwezi uandame, na hapo tayari najua maji yatakuwaje wiki nzima. Huna mjomba Kilwa? Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu itakufaa, au toka nje usiku uutazame mwezi wenyewe.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na tano pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo bahari hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, muda huo husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo ikiwa mwezi kumi na tano maji yamejaa saa kumi jioni, mwezi kumi na nane yatajaa kama saa kumi na mbili na nusu, na kupwa kwake kutaangukia saa sita mchana.

Mwezi ukifika nusu, siku ya saba au ya nane na tena siku ya ishirini na mbili, ni maji mafu. Bahari haijai sana wala haipwi sana. Mvuvi anaweza kununa, lakini kwa msafiri mwenye watoto na mizigo hizi ndizo siku njema, kwa sababu mashua inaondoka karibu saa yoyote.

Basi linalotoka Dar asubuhi hukufikisha Masoko mchana, kati ya saa saba na saa tisa. Ukiwa unapenda kuvuka siku hiyo hiyo, lenga mwezi kumi na tano hadi kumi na saba, au mosi hadi tatu, maji yawe yanapanda wakati wewe unashuka kwenye gari. Au lenga maji mafu. Siku nyingine zote, weka akilini kwamba utalala Masoko na kuvuka asubuhi.

Upepo nao uhesabu. Kusi hupiga kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na katikati yake, Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka hasa alasiri. Kaskazi huja Desemba mpaka Machi. Baina ya pepo hizo kuna tangambili, na ile ya Oktoba na Novemba ndiyo naipenda kuliko zote: bahari imelala, maji maangavu, embe zimeanza. Masika, Machi hadi Mei, usiende kama huna lazima. Sababu nitaieleza kwenye barabara.

Hatua ya 2: Funga mzigo wa mtu atakayelowa

Kitu kimoja ambacho sikiachi nyumbani ni ndoo ya lita kumi yenye kifuniko kinachobana, zile zinazouziwa rangi. Nilijifunza kwa wavuvi. Ndani naweka simu, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, chaja, dawa na kanga moja kavu. Ndani ya treni ni kiti cha mtoto dirishani. Ndani ya mashua naiweka katikati ya miguu, na wimbi likirusha maji, yaliyomo hayaguswi. Begi zuri la magurudumu liache kwa safari za mjini. Kwenye mchanga na tope magurudumu hayana kazi.

Zawadi: mama yangu, mwenye bahari mlangoni, kila mwaka anaagiza dagaa wa Kigoma na mawese. Dagaa wakavu hawana matatizo, ukiwafunga kwenye karatasi na juu yake mfuko wa salfeti. Mawese ni jambo jingine. Yanaganda baridi ya usiku Dodoma, yakifika Dar yanayeyuka na kutafuta upenyo. Dumu lisijazwe mpaka juu, kifuniko kizungushiwe mpira wa baiskeli, lisimame wima safari nzima.

Mwaka mmoja nilinunua asali Tabora dirishani, kwenye ndoo ndogo ambayo kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Nikaisukuma chini ya kitanda, nikalala. Kulipokucha nguo za mwanangu mdogo zilikuwa zimelowa asali, na mstari wa sisimizi umetoka kwenye ufa wa behewa mpaka kwenye begi, umenyooka kama uzi. Tulifua Dodoma kwenye beseni la gesti mara tatu. Asali ya Tabora inastahili kununuliwa, ni nzuri na inapendwa Kilwa, ila ijaribu kwanza: igeuze ndoo mbele ya muuzaji uone kama inavuja.

Hatua ya 3: Treni ya zamani, Kigoma hadi Dodoma

Reli ya Kati waliijenga Wajerumani kuanzia 1905 ikafika Kigoma 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam. Kipande cha kwenda Dodoma kinakaribia kilomita 800. Treni haiondoki kila siku, kwa hiyo nenda stesheni mapema, ikiwezekana wiki mbili kabla, uulize siku na ukate tiketi papo hapo. Beba kitambulisho.

Chukua daraja la pili kulala. Nasema hivyo bila kusita kwa mtu mwenye watoto au mgongo unaouma. Daraja la tatu ni bei nafuu na lina maongezi mengi, nimelipanda nikiwa msichana, lakini usiku kucha utakuwa umekaa na magunia miguuni. Vyumba vya kulala hugawanywa wanawake kwao na wanaume kwao, isipokuwa familia ikinunua chumba kizima. Mkiwa watu wengi, kinunueni chumba chote.

Kadiria siku nzima na usiku wake mpaka Dodoma, na uongeze saa za kuchelewa. Chakula hakina shida. Uvinza utaona chumvi, Urambo na Tabora asali, na ukifika Saranda kuku wa kuchoma wanaletwa dirishani kabla magurudumu hayajasimama. Weka noti za elfu moja na elfu mbili karibu, maana treni ikianza kuondoka na muuzaji yuko chini na noti yako ya elfu kumi, mtakimbizana kwa macho tu. Usiku funga dirisha la upande wako kabla ya kila stesheni. Simu usiichaji dirishani.

Tabora treni hukaa sana kwa sababu hapo ndipo treni za Mwanza na Mpanda zinapokutana na hii ya Kigoma. Shuka unyooshe miguu, ila mtoto mmoja abaki na mtu mzima ndani.

Sasa jambo muhimu kwenye hatua hii: usikate tiketi ya treni ya umeme (SGR), itakayokutoa Dodoma mpaka Dar, kwa siku ile ile utakayofika Dodoma. Treni ya zamani ikichelewa saa sita, na huchelewa, tiketi yako ya pili imekwenda. Lala Dodoma usiku mmoja. Oga, fua, kula chakula cha moto. Gesti zipo kila mtaa.

Hatua ya 4: SGR, Dodoma hadi Dar

Stesheni ya treni ya umeme si lile jengo la zamani uliloshukia. Panda bajaji, mwambie "stesheni ya SGR", atakuelewa.

Kipande hiki kilianza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliyoanza nayo ni shilingi 31,000. Watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili hulipa nusu. Tiketi hukatwa mtandaoni au dirishani, na jina lililoko kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Kuna treni ya kawaida na kuna ile ya haraka ambayo watu wameipa jina la mchongoko kwa sababu ya pua yake. Mchongoko ni ghali zaidi na husimama vituo vichache. Kwa safari hii treni ya kawaida inatosha kabisa: kwa saa kama nne umefika, na huhitaji kukimbizana na chochote siku hiyo.

Fika mapema. Kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, na lango likishafungwa halifunguliwi kwa mtu. Hapa dumu la mawese litaulizwa. Onyesha, eleza, uwe mpole.

Kaa dirishani upande wowote. Kati ya Kidete na Kilosa treni inapita milimani, inaingia kwenye mahandaki na kutoka, na watoto wangu hadi leo huhesabu giza: "Mama, hili la tatu!" Baba yangu mzazi alikuwa akiipita sehemu hii kwa usiku mzima. Sisi tunaipita kabla chai haijapoa.

Hatua ya 5: Dar, lala upande wa kusini

Ukishuka Dar usitafute gesti Kariakoo wala Sinza. Vuka jiji siku hiyo hiyo uende Mbagala, ukalale jirani na Rangi Tatu, kwa sababu mabasi ya kusini huanza kuondoka alfajiri na foleni ya Barabara ya Kilwa asubuhi haina huruma. Daladala za Mbagala zipo nyingi. Ukiwa na mizigo na watoto, kodi bajaji mpatane bei kabla hujapanda.

Jioni hiyo hiyo nenda kakate tiketi ya basi. Yako ya aina mbili, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Yako yanayoishia Kilwa Masoko, na yako ya Lindi, Mtwara, Masasi na Newala ambayo hupita Nangurukuru tu, kwenye njia panda ya kwenda Masoko. Chagua la Masoko likiwepo. Likikosekana, chukua la Lindi au Mtwara, lakini mwambie kondakta, mwambie na dereva, na mwambie jirani yako wa kiti: "Mimi nashuka Nangurukuru." Kuanzia Oktoba msimu wa korosho ukifunguka, mabasi haya hujaa wafanyabiashara, na tiketi ya kesho asubuhi inaweza kuwa imekwisha saa kumi jioni. Kata mapema.

Usimkabidhi kijana wa stendi pesa yako eti akakukatie. Ingia ofisini mwenyewe, upewe risiti yenye namba ya kiti na namba ya gari.

Labda unajiuliza kwa nini hapa tunaacha reli. Kusini ilikuwa na reli. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kutoka bandari ya Mtwara kuelekea Nachingwea. Mradi wa karanga ulianguka, reli ikafuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Wazee wa Mtwara waliokuwa watoto wakati huo bado wanaweza kukuonyesha tuta lilipopita. Mimi naamini kusini inastahili reli tena, na siku itakapojengwa nitakuwa wa kwanza kuiandikia mwongozo.

Hatua ya 6: Basi, Mbagala hadi Nangurukuru

Ni kama kilomita 300 mpaka Nangurukuru, saa tano au sita. Vikindu, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Kibiti au Ikwiriri basi husimama. Kunywa chai, peleka watoto msalani, nunua maji na machungwa.

Baada ya Ikwiriri unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, urefu wake mita 970, lililofunguliwa 2003. Waamshe watoto waone. Kabla ya daraja hili palikuwa na kivuko cha Ndundu, na mama anasimulia jinsi walivyolala pale ukingoni na mikeka, siku mbili, mto ukiwa umefura, wamama wakipika kwenye mafiga ya mawe. Watu wa kusini tulikuwa tukihesabiwa kama tuko nchi nyingine. Hata daraja lilipokamilika, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, ndicho kilichokuwa cha mwisho kupata lami.

Na hii ndiyo sababu nakukataza masika. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua pamoja na kimbunga Hidaya zilikata barabara hii maeneo ya Somanga na sehemu nyingine, mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar. Abiria walikwama pande zote mbili. Kwa hiyo Machi hadi Mei, kabla ya kutoka Dodoma, piga simu ofisi ya basi Mbagala uulize kama magari yanapita. Ukiambiwa "yanapita kwa shida", subiri.

Ukiona Somanga, anza kujiweka sawa. Ukipita Njia Nne, vaa viatu. Kituo kinachofuata ni chako.

Naandika hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja nilipanda gari la Mtwara, nikamwambia kondakta, akaitikia vizuri, nikamwamini. Tulikuwa tumechoka, tukasinzia wote wanne. Nilipofumbua macho tulikuwa Kiranjeranje. Kondakta alisema alipiga kelele nami sikusikia. Tulishushwa kando ya barabara na jua la saa tisa, mwanangu mdogo ana homa. Mama mmoja mwenye genge la mihogo alitutandikia mkeka, akatupa maji, hakutaka hata shilingi. Gari la kurudi tulilipata jioni, Masoko tukafika usiku, na maji ya siku hiyo yalishapita. Tangu hapo naweka kengele ya simu saa nne na nusu baada ya basi kuondoka Mbagala, na mtoto mkubwa anapewa kazi moja tu: kusoma vibao.

Anayetoka Mtwara au Lindi mjini hahitaji hatua zote hizo za juu. Panda basi lolote la Dar, ushuke hapo hapo Nangurukuru, halafu endelea nami.

Hatua ya 7: Nangurukuru hadi Masoko

Panda hiace au teksi ya kuchangia. Nusu saa hivi. Njiani kuna njia panda ya Kilwa Kivinje; usishuke hapo hata ukisikia "Kilwa! Kilwa!". Kilwa ziko tatu, Kivinje, Masoko na Kisiwani, na zote huitwa Kilwa tu na watu wa nje. Sema jina kamili.

Masoko ni mji mdogo, gesti zake ni za kawaida na safi. Hakikisha chandarua hakijatoboka. Toa pesa taslimu hapa, za noti ndogo, maana ng'ambo hutegemei kumkuta wakala. Nunua maji ya kunywa, mkate, na kama unakwenda kwa mtu, sukari, majani ya chai na sabuni. Hizo ndizo zawadi zinazopokelewa kwa mikono miwili kisiwani.

Kama unakwenda kuona magofu, anza ofisi ya serikali inayoyasimamia, ipo Masoko. Utalipa kiingilio, Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, udai risiti, na uombe mwongozaji wa huko huko Kisiwani. Anayekwambia ufukweni "nipe mimi tu, nitakupitisha" mshukuru na uendelee na safari yako. Fedha ile ndiyo inayoshika kuta zisianguke.

Hatua ya 8: Kuvuka

Shuka bandarini saa moja kabla ya maji kujaa kabisa. Kuna mashua za abiria ambazo wenyeji hupanda kwa nauli ndogo, huondoka zikijaa watu, na kuna za kukodi. Ya abiria ndiyo nzuri kwa anayejua kusubiri: utakaa na mama mwenye ndoo ya dagaa, kijana mwenye mabati, mzee aliyetoka hospitali, na mpaka mnafika mmeshajuana koo.

Patana na nahodha kwa heshima. "Shikamoo nahodha" kwanza, bei baadaye. Mwulize mambo matatu: majaketi yapo? Maji ya kurudi saa ngapi? Na tuko watu wangapi? Ukiona chombo kimezama mpaka ubao wa juu unakaribia maji, shuka. Usione haya. Mimi nimeshashuka na watoto watatu mbele ya watu wote, nikasubiri kinachofuata, na hakuna aliyenicheka.

Ndani, kaa chini, kaa katikati, ufuate unavyopangwa. Kijana wa chombo atakuwa anafua maji, yaani anayachota kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, na kuyamwaga nje kwa dumu lililokatwa nusu. Kila mbao ina maji yake, usishtuke. Shtuka akianza kufua haraka kuliko alivyoanza. Mtoto asining'inize mkono nje. Kanga ya mabegani ifunge, upepo wa mkondo wa katikati huichukua.

Kisha utaiona Gereza, ngome ya mawe iliyoko ukingoni kabisa, Wareno waliianza 1505 na Waarabu wa Oman wakaijenga upya baadaye. Ukiiona karibu kiasi cha kuhesabu matundu ya ukuta, vua viatu, kunja suruali, pandisha kanga. Utashukia majini hata kwenye maji mazuri.

Hatua ya 9: Siku mbili za kisiwani

Kama huna ndugu, usilale bila kumweleza mwongozaji wako na uongozi wa kijiji. Kijiji ni cha Waislamu na cha watu wanaojuana. Mwanamke ajifunge kanga au avae gauni refu, mwanamume afunike magoti. Msalimie kila mtu mzima unayepishana naye. Picha ya mtu iombwe. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu mchana, kuleni ndani.

Amka mapema uende Msikiti Mkuu kabla jua halijawa kali. Ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 ukawekewa kuba, na zile kuba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila chuma hata kimoja. Simama chini ya moja, uweke kiganja kwenye nguzo. Ni baridi hata saa sita mchana. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika hapa 1331 akaisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri zaidi, na wakati huo ndio Husuni Kubwa ilikuwa ikijengwa, jumba la sultani lenye vyumba zaidi ya mia na birika lenye pande nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipita hapa. Sarafu za shaba zilipigwa hapa hapa. Magofu haya pamoja na ya kisiwa cha Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981.

Kisimulizi cha zamani kinasema sultani wa kwanza kutoka Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo, kiasi cha kukizungushia kisiwa chote. Mwanangu wa pili alipokisikia aliuliza bibi yake nguo ngapi. Bibi akamwambia, "Tembea mjukuu wangu, uhesabu." Alitembea asubuhi nzima.

Songo Mnara iko mbali zaidi kusini, saa moja na nusu au mbili kwa mashine. Iende siku ya pili, kwa chombo kikubwa, na kwa maji ya kujaa kwenda na kurudi. Ukiwa na watoto wadogo na kusi inapiga, iache.

Hatua ya 10: Kurudi

Usiku wa kwanza tu kisiwani, kaa na nahodha mhesabu maji ya kutoka. Basi la Masoko kwenda Dar huondoka alfajiri, kwa hiyo kuvuka asubuhi ya safari ni kujitakia shida. Vuka jana yake mchana au jioni, maji yakiwa juu, kata tiketi kabla ya Magharibi, lala Masoko. Dar utafika mchana. Treni ya Dodoma ikate ya kesho yake, na ile ya Kigoma uulizie kwa simu kabla hujatoka kisiwani, kwa sababu siku zake si zote.

Ndoo yako itarudi na korosho, nazi mbili na pweza mkavu. Funga kifuniko vizuri. Pweza ana harufu, na behewa zima litakuuliza.